Midundo Kumi na Moja

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Nalisema mapema ili tusipoteze muda kumtafuta mwingine. Wapo waliojaribu kunitetea. Walisema ni utelezi, wakasema ni ukungu, mmoja akasema hata mashine nazo huchoka. Nawashukuru. Lakini mkono uliovuta mkanda ulikuwa huu wa kulia, na mwenye mkono ni mimi, Wendelini Mkude, mpagazi wa Lusangi katika milima ya Uluguru, mwanamume wa miguu miwili mizima aliyemwonea wivu mwenye mmoja.

Tulikuwa tunamzika mjomba wake Damasi Kobelo. Ukoo wao na ukoo wetu ni watani tangu enzi ambazo hakuna anayezikumbuka vizuri, na kwenye msiba wa mtani kazi yangu inajulikana: wao wanalia, mimi nawachekesha. Nilivaa koti la marehemu, nikatembea kama alivyokuwa akitembea, tumbo mbele na mikono nyuma, nikamwuliza mjane kwa nini hajanitengea chakula. Nikakalia udongo wa kaburi na kukataa kuondoka mpaka nipewe jogoo. Nikapewa. Nikasema jogoo huyu amekonda, bila shaka marehemu ndiye aliyekuwa akimlisha. Nikapewa wa pili. Watu walicheka huku machozi yakiwatoka, na ndivyo inavyotakiwa. Mtani hakasirikiwi. Akichukua kitu chako unakikomboa, akikutukana unacheka, na yaliyotokea makaburini hayapelekwi kwa mwenyekiti.

Damasi alikuwa amesimama kwenye ukingo wa kaburi, mguu wake mmoja ardhini, mkongojo kwapani, mkanda kiunoni.

"Hata leo umevaa hilo dude?" nikamwambia. "Kiguru, mjomba wako anaingia ardhini na wewe uko kazini?"

"Mtani, acha tuzike," akasema, akatabasamu kidogo.

Kwenye mkanda ule kuna taa ndogo kama punje ya hindi. Ikiwa ya kijani, viguru vyote vimepumzika. Ikiwa ya njano, kimoja kiko njiani na mzigo. Niliiangalia. Ilikuwa ya njano.

Naomba mlishike hilo. Niliiona, na ilikuwa ya njano.

*

Nyinyi wa tambarare mna barabara, kwa hiyo hamjui viguru. Yetu iliondoka. Sisemi iliharibika, iliondoka. Masika ya miaka mitatu mfululizo yaliukata mlima vipande, na kipande chenye barabara kikashuka bondeni na lami yake. Vililetwa vyombo vya kuruka, ukungu ukavipoteza vyote ndani ya mwezi mmoja. Zikaletwa mashine za miguu minne, zikakwama kwenye vijia vyetu ambavyo hata mbuzi hupita kwa zamu. Tukabaki sisi wapagazi, na kati ya wapagazi nikabaki mimi. Kabichi nilishusha, mafuta nilipandisha. Wagonjwa niliwashusha kwa mgongo, na wengine, Mungu awarehemu, niliwapandisha tena.

Halafu akaja mhandisi Oresta, dada mfupi asiyependa maneno mengi, kupiga picha za vijia. Alisimika stendi ya kamera yenye miguu mitatu, ikaanguka. Akaisimika tena, ikaanguka tena. Akaitia kwenye mfuko na kutoa fimbo moja ya chuma, akaiweka kamera juu yake na kuishika kwa mkono.

"Chenye miguu mitatu kinataka pawe sawa," akaniambia. "Chenye mmoja kinataka mtu wa kukishika tu."

Nilicheka. Sikujua kwamba kazi yangu ndiyo inakwisha hivyo.

Maana kiguru ni hicho hicho. Ni mguu mmoja mnene wenye springi ndani, kiti au kapu juu yake, kichwa hakuna. Kinadunda. Unyayo wake ni mdogo kuliko sahani, kwa hiyo hakihitaji njia, kinahitaji pa kukanyaga. Lakini kusimama hakijui. Kusimama kinaazima kwa mtu. Mkanda unasikiliza kiuno cha aliyeuvaa na ile mizani iliyomo ndani ya sikio, yale marekebisho madogo madogo ambayo mwili huyafanya bila kumwarifu mwenyewe, kisha unayarusha kwa redio, mlingoti hadi mlingoti, mpaka kwenye springi. Mvaaji hana haja ya kudunda. Anaweza kula, kubishana, kuzika mjomba. Mwili unajibu wenyewe, kama mama anavyompapasa mtoto mgongoni huku anapiga soga na jirani. Mkanda ukifunguliwa, kiguru kinakunja springi na kukaa chini pole pole pale pale kilipo. Hilo kila mtu Lusangi alilijua, na mimi nilijua zaidi, kwa kuwa nilikuwa nikivichunguza kama mtu anayechunguza simu ya mkewe.

Walijaribu watu wengi. Walianza na mimi, bila shaka, bingwa wa mlima. Kiguru changu kilidunda mara nne kikalala kama mlevi.

"Mwili wako unasubiri mguu wa pili," Oresta akaniambia kwa upole. Angenidharau ingeniuma kidogo kuliko upole ule.

Damasi alikuja kuangalia tu. Mguu wake wa kushoto ulikatwa miaka kumi na minne nyuma, baada ya jiwe la machimbo kumwangukia. Walimfunga mkanda kwa mzaha. Kiguru kikasimama, kikawa kinayumba kidogo kama yeye anavyoyumba akisubiri mtu amalize kuongea, halafu kikapanda ngazi za kanisa zote kumi na tisa.

Akina mama walitupa majembe. Bibi yangu, enzi za uhai wake, alitusimulia habari za Nusu, kiumbe cha msituni chenye mguu mmoja, mkono mmoja na jicho moja. Ukikutana nacho njiani kinakutaka mieleka. Ukikibwaga, kinakuonyesha dawa zote za msitu. Kikikubwaga, unasahau njia ya kwenu. Sasa Nusu ametoka msituni mchana kweupe, amebeba tenga la nyanya.

Kuhusu jina, sikilizeni. Mimi ndiye niliyemwita Damasi "Kiguru" tangu alipotoka hospitali, haki yangu ya utani. Oresta alipouliza mashine ziitweje, Damasi akasema, "Ziitwe viguru. Mtani wangu Wendo ndiye mwenye jina." Watu wakapiga makofi. Tusi langu likaandikwa kwa rangi ya bluu ubavuni mwa mashine sita. Mtu ukimtukana akakushukuru hadharani, unabaki na nini mkononi?

Nikaamua mieleka. Nilishindana na kiguru kutoka Lusangi mpaka stendi ya malori chini, kila mmoja na kilo sitini. Mara ya kwanza nilishinda. Mara ya pili nilishinda na nikatapika. Mara ya tatu kiguru kilifika, kikapakuliwa, kikanikuta njiani kinarudi mimi bado nashuka. Damasi wakati huo alikuwa kwake ananyoa ndevu.

Zamani nikipita, watu waliniita kutoka mashambani, "Wendo, pole na mlima," na kwenye kila kona kulikuwa na kikombe changu cha uji kimefunikwa na sahani. Vikombe vilihama kimoja kimoja. Siku moja nilimsikia mke wangu mwenyewe akimwambia jirani, "Kamwulize Damasi kama kiguru kitapita kesho."

"Nitakubebea mimi," nikamwambia.

"Wewe utanichelewesha, baba," akasema, wala hakuwa na ubaya. Aliendelea kuchambua mboga.

*

Basi tupo makaburini. Watu wameshaanza kunong'ona kwamba jina la marehemu atarithishwa Damasi, ndiye mpwa mwenye heshima. Mimi nimevaa koti la marehemu na nina jogoo wawili kwapani. Niliwaweka chini, nikamzunguka Damasi kwa nyuma, nikabana klipu, nikauvuta mkanda.

Kicheko kilipasuka. Mtani kamvua suruali mfiwa, mtu akasema, ingawa suruali ilikuwa mahali pake.

"Nikomboe," nikamwambia. "Nataka jogoo wa tatu, na awe na nyama."

"Wendo, rudisha."

Ningeukunja mfukoni, kiguru kingekaa chini njiani na mambo yangeishia hapo. Huo ndio utani tunaoujua. Lakini nilitaka zaidi. Niliuzungusha kiunoni kwangu, nikaufunga, klipu ikalia. Nikakunja mguu wa kushoto, nikaanza kudunda kuzunguka kaburi huku nimeweka uso wa Damasi, ule uso wake wa upole.

"Moja," watu wakahesabu. "Mbili. Tatu."

Damasi hakucheka. "Vua, Wendo. Kuna mtu juu yake."

Nilisikia. Sauti yake haikuwa kubwa lakini nilisikia vizuri kabisa. Nilimtazama usoni, na pale usoni pake kulikuwa na hofu, na tangu viguru vije sikuwa nimemwona Damasi akihitaji kitu kutoka kwangu. Ilikuwa tamu. Watu walikuwa wamehesabu mpaka tisa. Nikadunda mara mbili zaidi.

Alitupa mkongojo akanirukia. Mguu wangu ukateleza kwenye udongo mbichi, tukaanguka wote wawili, na watu wakafurahi kuliko walivyofurahi siku nzima. Yeye hakuinuka. Alilala pale pale akinifungua klipu, akaurudisha mkanda kiunoni kwake, akafumba macho kama anayesikiliza mlango.

"Hakuna kitu," akasema. "Hakisimami. Kiko Shingo ya Mbuzi, na Prisca."

Shingo ya Mbuzi ni pale ambapo njia ni pana kama ubao wa kitanda. Prisca ni mwalimu wa darasa la pili. Alikuwa na homa ya siku tatu, na nesi alikuwa amesema asisubiri mazishi yaishe.

Nilikimbia. Kukimbia najua. Nilimkuta mita nane chini ya njia, kiti kimenaswa kwenye vichaka, yeye bado amefungwa mikanda, mkono umepinda mahali ambapo mkono haupindi. Kiguru kilikuwa kimevunjika kati. Springi ilikuwa bado inatetemeka, inavuta na kuachia, inavuta na kuachia, na kila ilipovuta ilijaribu kusukuma upande wa kushoto. Ilikuwa inatafuta mguu wa pili.

Nilimfungua, nikambeba mgongoni, nikashuka naye mpaka kituo cha afya. Alikuwa wa moto kama chungu. Mganga alipomlaza akanigeukia akasema, "Hizi mashine. Mshukuru Mungu kuna mtu bado ana miguu yake."

Na mimi, mbele ya Mungu huyo huyo, nikaitikia, "Tunashukuru."

*

Kesho yake asubuhi tulikaa kwenye darasa la shule. Mwenyekiti wa kitongoji, Bi Kolumba, alikaa kwenye kiti cha mwalimu. Oresta alisimama na kishikwambi chake, viatu vina tope, inaonekana alipanda mlima kabla hakujapambazuka vizuri. Viguru vitano vilivyobaki vilikuwa vimekaa nje, vimejipanga ukutani.

"Kumbukumbu zinaonyesha mkanda ulifunguliwa, ukafungwa tena, kisha mizani ikaharibika," Oresta akasema. "Hazionyeshi kiuno cha nani. Nauliza mara moja. Kama mtu mwingine aliuvaa, kosa ni la mtu huyo, mashine ziko salama, zinabaki. Kama ni Damasi mwenyewe aliyekuwa nao, basi mwili wake umebadilika na hauaminiki tena. Sina mwingine. Viguru vyote vinashuka leo na havirudi."

Watu zaidi ya sitini waliohesabu kwa sauti mpaka kumi na moja walitazama sakafu. Hawakuwa waoga. Ni kwamba mambo ya mtani kaburini hayasemwi barazani, na hakuna hata mmoja aliyetaka kuwa wa kwanza kulivunja hilo.

"Damasi?" Bi Kolumba akauliza.

Damasi alikuwa amesimama. Alifungua mkanda, akauweka juu ya meza. "Nilikuwa nao mimi," akasema. "Nilikuwa na msiba. Labda mwili uliyumba."

Nje tukasikia vile viguru vikikunja springi zaidi, kimoja baada ya kingine, mpaka vikagusa chini.

Sasa nataka kusema ukweli wote, kwa kuwa nimeshaanza. Nilifurahi. Furaha yenyewe ilidumu kama muda wa kunywa maji kikombe kimoja, lakini ilikuwapo. Nilimwona Damasi akipapasa kiuno kitupu. Nikasikia mtu nyuma yangu akisema, "Basi tutarudi kwa Wendo." Mlima ulikuwa umerudishwa kwangu na mwenyewe aliyeuchukua, na alinirudishia kwa heshima, kwa mila, bila mimi kusema neno hata moja la uongo. Ilitosha nikae kimya. Nilikuwa na miaka hamsini na mmoja, goti la kulia linalia nikipanda, na nilijua kwamba kwenye masika yanayokuja kuna mtu nitachelewa kumfikisha. Nikajiambia hayo ni ya masika.

Halafu mama yake Prisca akainuka kwenye dawati la mbele. Alikuja mpaka kwangu, mwanamke aliyenizidi umri, akapiga goti na kunishika mikono yote miwili.

"Mwanangu anapumua kwa ajili yako," akasema. "Sina cha kukupa, baba. Nimekuja kukushika mkono tu."

Nilijaribu kumwinua, akakataa. Mikono yake ilikuwa ya moto, na haikuniachia.

"Inuka, mama," nikasema. "Mkanda niliuvaa mimi."

"Wendo, kaa chini," Bi Kolumba akasema upesi. "Hayo ni ya utani. Hayana nafasi hapa."

"Haukuwa utani, mwenyekiti. Taa ilikuwa ya njano, niliiona. Damasi akaniambia kuna mtu, nikamsikia. Nikadunda tena mara mbili kwa sababu nilipenda kumwona akiogopa. Huo si utani. Ni wivu."

Mama Prisca aliachia mikono yangu. Aliinuka polepole, akanitazama, akarudi kwenye dawati lake, na mpaka leo hajaniambia kitu.

Oresta alikuwa anaandika. "Mtu mwingine aliuvaa," akasoma alichoandika. "Mashine zinabaki." Kisha akausukuma mkanda juu ya meza kumwelekea Damasi.

Damasi hakuugusa. Alikuwa ananitazama mimi.

"Nilikufunika," akasema.

"Najua."

"Niliweka kiuno changu mezani ili nikufunike. Nani alikutuma ufunue?"

"Ulitaka viondoke? Ulitaka watu wafe huku juu kwa ajili ya mila?"

"Nilitaka wewe useme kabla mimi sijasema. Nilikupa nafasi, nikahesabu moyoni. Ukangoja mpaka mama wa watu akupigie magoti." Akamgeukia Bi Kolumba. "Mwenyekiti, amesema mwenyewe mbele ya watu kwamba haukuwa utani. Sasa naruhusiwa kumkasirikia?"

Bi Kolumba alifikiri kidogo. "Unaruhusiwa," akasema.

Nilikuwa nimezoea Damasi anayecheka. Huyu alivaa mkanda wake, akaubana klipu bila kuuangalia, na nje viguru vikainuka vyote kwa pamoja, vikagonga ukuta. Watu wa karibu na dirisha walisogea.

"Miaka yote umeniita Kiguru," akasema. "Nilicheka. Umeiga mwendo wangu harusini kwangu, nikacheka. Jana umeuiga juu ya kaburi la mjomba wangu, na mtoto wa watu yuko mlimani. Ulikosa nini, Wendelini? Una miguu miwili. Unaonea wivu nini?"

Watu wengine walicheka chinichini, na kicheko kile ndicho kilichonitoa akili. Kama ningekuwa mwerevu ningenyamaza. Nimeshawaambia nilikuwa nani siku zile.

"Ndiyo, kasirika," nikasema. "Lakini kasirika ukiwa na kumbukumbu. Siku jiwe lilipokuangukia, hapakuwa na mhandisi hapa, hapakuwa na kiguru. Nani alikubeba? Kilomita kumi na nne, mvua inapiga, damu yako inanichirizikia mpaka kwenye viatu. Daktari alisema mwenyewe, ningechelewa nusu saa tungekuzika. Huo mguu mmoja unaojivunia, ambao mlima mzima unauegemea, nani aliuokoa? Waulize hawa. Kila mtu hapa anaijua hadithi hiyo."

"Wanaijua," Damasi akasema. "Ulinibeba siku moja, Wendelini. Siku hiyo yako nimekubebea miaka kumi na minne, nikiisimulia kila kilabu na kila msiba, na haijanidondoka hata mara moja."